Msiba Hauna Geti

Mwaka ule nilizika watu wengi nisiowafahamu. Nasema hivyo bila kujisifu. Ndiyo ilikuwa njia yangu ya kutafuta kazi, na wala sikuwa peke yangu, ingawa hilo nilikuja kulijua baadaye.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mifumo. Nilifanya kazi kwa mkataba kwenye mradi uliounganisha kompyuta za hospitali za wilaya, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha taarifa za wagonjwa zinafika makao makuu bila kupotea njiani. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka ulihuishwa, hata tukasahau kwamba kitu hicho kina mwisho. Kisha wafadhili wakakata fedha. Barua pepe ilikuja asubuhi ikitutaka tusimamishe shughuli zote, na ilipofika adhuhuri nywila zetu zilikuwa zimeshafungwa. Mwenzangu mmoja alikuwa katikati ya kuandika ripoti. Tukabaki tunatazamana, kila mmoja na chupa yake ya maji mezani, mpaka mtu akauliza nani ana ufunguo wa stoo, maana viti vilitakiwa kurudishwa.

Nilipofika nyumbani Miyuji, hapa Dodoma, nikamwambia mke wangu kwamba mradi umefungwa. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa anachambua mchele, akaacha.

"Pole," akasema.

"Tushapoa," nikamjibu, kama mfiwa.

Akacheka kidogo, akidhani natania. Mimi sikuwa natania wala sikuwa na huzuni. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu. Nilikwenda kuoga, nikala, nikalala vizuri tu.

Dodoma ni mji wa bajeti. Bunge likikaa, nyumba za wageni zinajaa na bei ya kuku inapanda. Bunge likiondoka, hata mafundi viatu wanasinzia. Na kila mtu anayeishi kwa mikataba anasubiri Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza. Kila mlango niliogonga nilijibiwa Julai. Kampuni ndogo zilizokuwa zikila kutokana na zabuni za serikali zilikuwa zimepunguza watu, kwa hiyo wale waliopunguzwa nao walikuwa mtaani pamoja nami, wanagonga milango ileile. Nilikuwa na mteja mmoja wa ng'ambo niliyemfanyia kazi kwa mtandao. Akaniandikia kwa adabu nyingi kwamba siku hizi ile kazi anaifanya kwa akili bandia, na kwamba nisichukulie vibaya. Sikuchukulia vibaya. Sikuchukulia vyovyote.

Nilifunga kamera za ulinzi kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja pale Miyuji. Nilipomaliza akanitaka nimtengenezee na televisheni, kisha pasi. "Si wewe fundi umeme?" akaniuliza. Nikamtengenezea pasi.

Nilijaribu pia kwenda mwenyewe kwenye mji wa serikali, kule Mtumba, kuwaona wakuu wa vitengo vya TEHAMA. Mlinzi wa getini alikuwa mpole na hakuwa na msaada wowote.

"Una miadi?"

"Sina."

"Basi mpigie huyo unayekwenda kumwona."

"Namba yake sina. Ndiyo nimeifuata."

"Sasa kaka," akasema kwa huruma, "utaingiaje?"

Swali zuri. Nikarudi nyumbani.

Wakati huo baba yangu alikuwa Kondoa, peke yake tangu mama alipofariki, na duka lake la pembejeo karibu na stendi: mbegu, mabomba ya kupulizia, dawa za mimea na za mifugo. Macho yalikuwa yanamwisha. Maandishi kwenye chupa ni madogo kama mayai ya chawa, naye alikataa kuajiri mtu, akisema mtu wa kuajiriwa ataiba. Akawa anazitambua dawa kwa kuzinusa. Siku moja akanipigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, baba. Leo nimempa mtu dawa ya kupe akaenda kupulizia nyanya."

"Zikafanyaje?"

"Hazina kupe."

Nikacheka, naye akacheka, kisha akasema alilokuwa amepigia simu. "Rudi ushike duka. Mimi sisomi tena."

"Baba, nisubiri Julai."

"Julai ya mwaka gani?"

Hakuwa anakejeli. Aliuliza kama mfanyabiashara anayeuliza mzigo utafika lini. Yeye alinitaka nirudi, mimi nilitaka mkataba, na nilijua kwamba nikishakaa nyuma ya ile kaunta nitakuwa nimeaga kazi niliyosomea, moja kwa moja. Nilikuwa nimeiona kwa wenzangu. Mtu anakwenda nyumbani kwa muda, anarudi mjini kwa harusi tu. Kwa hiyo nilijipa mpaka Julai, na yeye nikampa hiyohiyo.

Msiba wa kwanza ulikuwa wa haki. Mwenzangu wa mradini alifiwa na mama yake, nikaenda kukaa nao kama mtu yeyote. Chini ya turubai nikakaa karibu na mzee mmoja mwenye miwani, amechoka, anasonya. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kazini kwake wamehamisha mfumo kwenda seva mpya na tangu siku hiyo taarifa za nusu ya mikoa hazionekani. Tukaongea mpaka ubwabwa ukaletwa. Nilimweleza mahali pa kutazama. Kesho yake akanipigia simu, nikaenda kumfanyia kazi ya siku chache, na mlinzi niliyemkuta getini akaniita "mheshimiwa". Yule mzee alikuwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA kwenye wizara mojawapo.

Hapo nikaelewa. Ofisini mkuu ana geti, ana mlinzi, ana katibu muhtasi. Msibani ana kiti cha plastiki, na kiti cha jirani yake kiko wazi. Hakuna anayekuuliza umealikwa na nani, kwa sababu msiba haualikwi. Unafika, unasema poleni, unaambiwa tushapoa karibu, unakaa. Na mkuu hawezi kukukimbia, maana kuondoka mapema msibani ni aibu kwake kuliko kwako.

Nikaanza kufuatilia tanzia kwenye magrupu ya simu.

"Nani amefariki?" mke wangu aliniuliza aliponiona napiga pasi shati jeupe.

"Mama mkwe wa mtu mmoja wa wizarani."

"Unamfahamu?"

"Nitamfahamu."

Akasema, "Wewe siku moja utakwenda kulia kwa watu, mimi nakuona." Lakini alijua hali yetu, na mshahara wake ndio tuliokuwa tunakula, kwa hiyo hakunizuia.

Nikapata utaratibu wangu. Kwanza pole. Halafu barabara, maana kila mtu ana la kusema kuhusu barabara. Halafu unauliza kama marehemu aliugua muda mrefu. Halafu unanyamaza. Mwishowe, kama kwa bahati tu, unauliza kuhusu mfumo. Msiba mmoja nilimpa mtu pole kwa kuondokewa na mama, kumbe ni baba mkwe wake. Akanitazama kama ameona nyoka. Tangu hapo nikawa nasema "marehemu" tu na siongezi neno.

Nilibeba majeneza. Nilipanga viti, nikateka maji, nikashika koleo. Sikuhisi kitu chochote kwenye yale makaburi, na nilishukuru kwamba sihisi, kwa sababu ningehisi ningeshindwa kuuliza kuhusu mfumo.

Kisha msaidizi wa yule mkuu mwenye miwani akafiwa na baba yake, kijijini upande wa Gulwe, na ofisi ikakodi Kosta ya kuusindikiza mwili. Nilifika pale basi linapoondokea kabla ya wafanyakazi wenyewe. Kuna jambo watu wa ofisi hawalikiri: hakuna anayetaka kukaa na bosi safari nzima. Wote walipitiliza kwenda nyuma, kiti cha mbele karibu na mkuu kikabaki kitupu, mimi nikakikalia. Tukapita Kongwa, tukapita Mpwapwa, tunaongea habari za seva. Wafanyakazi nyuma yetu walinong'ona kuuliza mimi ni nani. Niliwasikia, nikaacha waendelee kuuliza.

Kule Gulwe nilifukia kaburi kwa bidii. Udongo mkavu, vumbi linapanda mpaka kwenye kope, na kila nilipopokewa koleo nililidai tena, kwa sababu mkuu alikuwa amesimama upande ule ananiona. Tulipomaliza, mjane wa marehemu, bibi mfupi aliyejifunga khanga mbili, alipita kwa kila mwanamume aliyeshika koleo. Aliponifikia alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, baba. Mmemzika vizuri mume wangu."

Nikasema asante. Mkono wake ulikuwa wa moto na mimi nilikuwa natazama juu ya bega lake nione mkuu anaelekea wapi.

Wakati wa kurudi mkuu alinipigapiga begani. "Una moyo wewe. Julai tutakuwa na kazi kubwa ya kuhamisha mifumo. Nikumbushe."

Jioni ile nilimpigia baba nikiwa na furaha, au kitu kilichokaa mahali pa furaha. Nikamwambia nimepata mtu.

"Mtu au kazi?"

"Mtu mwenye kazi."

"Umempata wapi?"

"Msibani, Gulwe."

"Nani amekufa?"

Nikatafuta jina la marehemu kichwani, sikulipata. "Baba wa mtu," nikasema.

Baba alipokasirika alikuwa anahamia Kirangi, lakini siku ile alibaki kwenye Kiswahili, polepole. "Mwenyezi Mungu amrehemu. Hukupata nafasi ya kuja kunisomea chupa, umepata ya kwenda kumzika baba wa mtu."

Nikamwambia Julai si mbali. Akasema haya.

Alikufa kabla ya Julai. Baba mdogo alinipigia asubuhi, akaniambia baba aliswali alfajiri, akajilaza kidogo, hakuamka. Nilisikia kila neno. Nikamuuliza watazika saa ngapi, akasema baada ya adhuhuri, wananisubiri. Mke wangu, aliyekuwa karibu akisikia simu yote, ndiye aliyelia. Mimi nilitafuta kanzu, nikatafuta chaja ya simu, nikakumbuka kufunga bomba la maji. Njiani kuelekea Kondoa nilisoma vibao vyote vya barabarani, vya shule na vya zahanati, kimoja baada ya kingine, mpaka mke wangu akanishika mkono nikaacha.

Tuliwahi. Akaswaliwa. Nilishuka kaburini na baba mdogo, tukampokea, tukamlaza mwanandani, nikamlegezea vifundo vya sanda kama nilivyoelekezwa. Alikuwa mwepesi. Nilijua ninachokifanya na mikono ilikuwa na uzoefu, na huo ndio ukweli, mikono yangu ilikuwa na uzoefu kuliko ya mtu yeyote pale. Nikapanda juu wakaanza kufukia. Watu waliniangalia waone mtoto wa marehemu anavyolia, nami niliwaangalia wao.

Tuliporudi nyumbani baba mdogo alinivuta pembeni akanitia kitu mkononi. Zilikuwa funguo za duka. "Watu wa kilimo hawasubiri," akasema. "Kama hushiki, tuuze. Sikuharakishi, lakini tukiondoa matanga utujibu." Nikazitia mfukoni mwa kanzu. Hata siku ile jibu nililokuwa nalo kichwani lilikuwa ni nisubirini Julai.

Akaongeza, "Na yule mwenzio wa kazini ana adabu sana. Amefukia kuliko vijana wetu wote."

"Mwenzangu yupi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Karibu na turubai alisimama mwanamume wa rika langu, mvi zimeanza pembeni, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vya ofisini vimejaa udongo mwekundu. Alikuwa anawapangia wazee viti. Nilikuwa nimemwona makaburini akilidai koleo kila aliponyang'anywa. Nilimdhania ndugu wa shemeji, au mtu wa msikitini. Sikuwa namjua.

Baadaye, watu walipokwisha kula na kiti cha karibu yangu kikawa wazi, alikuja akakaa.

"Pole sana, mkuu."

Hakuna aliyewahi kuniita mkuu. "Tushapoa," nikasema.

"Barabara ya huku nzuri siku hizi. Nimetoka Dodoma asubuhi, sikuichoka."

"Nzuri."

"Marehemu aliugua muda mrefu?"

"Hapana. Ghafla."

Akatikisa kichwa, akanyamaza. Na ule unyamavu niliujua. Nilijua urefu wake na nilijua kinachofuata, nikakaa nakingoja kama mtu anayengoja mgonjwa amalize kukohoa.

"Na kule wizarani," akasema akitazama mikono yake, "ile kazi ya kuhamisha mifumo tunayoisikia mtaani, mmeshapata watu?"

Akanieleza, kwa haraka sasa. Alikuwa mtu wa kanzidata kwenye mradi wa kilimo. Ulifungwa wakati mmoja na wetu. Ana watoto, mwenye nyumba amemwambia ahame. Aliniona Gulwe. Yeye alifika kule kwa basi la abiria, akatuona tunashuka kwenye Kosta, mimi na mkuu kutoka kiti cha mbele, tunaongea. Akauliza huyu ni nani, akaambiwa hatujui, lakini lazima ni mtu mzito, hakai mbele na mkuu hivihivi. Leo asubuhi aliona picha yangu kwenye grupu la simu, imeandikwa tu kwamba nimefiwa na mazishi ni Kondoa, akapanda basi.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Kilichotoka ni hiki: "Tusubiri Julai. Nikumbushe."

Uso wake ukafunguka. Alinishukuru kwa mikono miwili. Nami nikakaa pale nimejishangaa, maana nilikuwa nimelisema vizuri, kwa sauti ileile ya yule mzee mwenye miwani, pamoja na kumpigapiga begani. Nikajua kwa hakika kabisa kwamba mkuu naye hakuwa na kitu. Hakuwa mwongo. Alikuwa tu amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mtu mwenye shida, akatoa kilichokuwa karibu.

Yule bwana alikuwa anainuka. Nadhani aliona haya kuondoka haraka namna ile, akainama. "Samahani, mkuu, niliona tu kwamba umefiwa. Nimefika moja kwa moja makaburini, nimewakuta mnafukia. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Baba yangu," nikasema.

"Baba mzazi?"

"Baba mzazi."

Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa ameniuliza. Wote pale walijua, kwa hiyo sikuwa nimelazimika kulisema neno hilo hata kwa mke wangu. Sasa nimelisema kwa mtu asiyejua, nikalisikia. Nililia mbele ya watu wazima wote wa ukoo, kwa sauti, kamasi zinatoka, nimeshika goti la mtu nisiyemjua. Niliumia. Niliumia kama mguu unapoamka. Nikamlilia baba, nikamlilia na yule marehemu niliyemzika Gulwe ambaye hata jina lake sikulishika.

Yule bwana hakuondoka wala hakutoa goti lake.

Nilipotulia nikamwambia. "Mimi si mkuu. Sina kazi. Nilikwenda Gulwe kutafuta, kama wewe ulivyokuja hapa."

Akanitazama, akitafuta kama namkwepa. Akaona simkwepi. Mabega yake yakashuka.

"Basi nimekuja bure," akasema. Papo hapo akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. "Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe, sikukusudia."

Nikatazama viatu vyake. Udongo ulikuwa umefika mpaka kwenye kamba, na kiganja alichozibia mdomo kilikuwa na lengelenge jipya la mpini wa koleo.

"Hukuja bure," nikamwambia. "Umemzika baba yangu. Umemzika vizuri."

Tukakaa mpaka jua likapungua, kisha tukainuka wote wawili tukapanga viti, nikamsindikiza stendi.

Tulipoondoa matanga nilikwenda kufungua duka. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya dawa zote pamoja. Chupa ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya kupe. Nikaisoma yote kwa sauti, kuanzia jina mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi.